Wapambe wa Karata Tatu

Nina ugomvi na wenzangu wa kalamu, na mimi mwenyewe nimo ndani ya ugomvi huo, kwa hiyo asije mtu akasema nimepanda mtini kuwarushia mawe walio chini. Ugomvi wenyewe ni kicheko. Nasema kile kicheko chetu mtu akitapeliwa kwenye simu. "Kaliwa!" "Kapigwa!" "Kaingizwa mjini!" Halafu tunamalizia na ile yetu ya siku zote, tamaa mbele mauti nyuma, na tukishaisema tunajiona tumetoa somo la kutosha, tunaendelea na chai.

Mwaka juzi, katika kikao chetu cha kusomeana hapa Kilosa, nilisoma hadithi yangu fupi. Bibi mmoja wa kijijini anapigiwa simu, anaambiwa ameshinda gari, ila atume kwanza hela ya kulitoa bandarini. Bibi anauza mbuzi wawili. Halafu anakaa barabarani siku tatu na mwamvuli wake, analisubiri gari, na kila basi likipita anainuka kulipokea. Jamani, watu walicheka! Mmoja alianguka na kiti. Nikaambiwa nina kipaji. Mama Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Mikumi siku hiyo, amekaa nyuma karibu na mlango, na nilipomtazama alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa khanga. Nikadhani naye anacheka.

Sasa nieleze habari za Mama Mdogo, maana bila yeye nisingeshika kalamu hii.

Anauza vitenge, khanga na magauni. Fremu hana, na kibao hana. Duka lake ni simu. Mzigo unatoka Kariakoo kwa basi la usiku, na Mikumi imekaa barabarani, njia kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya mpaka Tunduma, kwa hiyo kifurushi hakilali njiani. Alfajiri anakichukua, anapiga picha nguo mojamoja juu ya kitanda, anaziweka kwenye stetasi ya WhatsApp, na kabla jua halijakolea wateja wameshaanza: ile ya kijani niwekee, ile ya maua bei gani. Wanalipa kwa simu, bodaboda inapeleka. Wateja anao Mikumi kwenyewe, Kidodi, Ruaha, na mpaka Ulaya. Nasema Ulaya yetu sisi, kijiji kile cha njia ya Kilosa, siyo ile ya Wazungu.

Watu wa semina wakisema "biashara ya mtandaoni" huwa wanaota maghala na magari yenye nembo. Jumia walikuja Tanzania na hayo, wakafunga virago Novemba 2019. Kilichobaki kwetu, na kinachokwenda vizuri tu, ni hiki cha Mama Mdogo: akaunti moja, jina la mtu, na imani ya wanaomjua. Mteja anatuma hela kabla hajaiona nguo, kwa sababu anamfahamu anayemtumia. Basi akaunti ile ndiyo duka, ndiyo daftari la wateja, ndiyo na kibao cha juu ya mlango. Akikufungia mtu nje ya akaunti hiyo, ni kama amebadili kufuli la duka lako usiku, na asubuhi yeye yuko ndani anauza kwa jina lako.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku moja aliandika kwenye stetasi, "Mzigo mpya unaingia kesho." Kesho yake saa nne asubuhi simu ikaita. "Shikamoo, Mama." Sauti ya kijana mpole. "Marahaba, baba." "Mama, mzigo wako umefika hapa ofisini kwetu, pole kwa kusubiri. Ila tumebadili utaratibu, siku hizi kila mzigo una namba yake ya kutolea. Itaingia kwenye simu yako sasa hivi, tarakimu sita. Nisomee tu, nikuandikie mzigo wako kwamba umetoka." Ujumbe ukaingia kweli. Tarakimu sita. Akamsomea, moja moja, na kijana akashukuru, akamwambia "uwe na siku njema, mama yangu."

Ujumbe ule ulikuwa na onyo kwamba namba hiyo asipewe mtu. Onyo lilikuwa la Kiingereza. Simu yake tangu inunuliwe inazungumza Kiingereza, na aliyemnunulia simu, akaiwasha, akaiacha hivyo hivyo, ni mimi.

Zile tarakimu hazikuwa za mzigo. Zilikuwa za kuihamishia WhatsApp yake kwenye simu ya yule kijana. Dakika chache baadaye yeye ametolewa nje na kijana ameingia ndani. Mchana kwenye stetasi ya Mama Mdogo kukawa na vitenge ambavyo Mama Mdogo hajawahi kuviona, bei ya kutupa, "ofa ya leo tu," na namba mpya ya kulipia. Wateja 11 walituma, mmoja 15,000, mwingine 40,000, yule nesi wa siku zote 60,000 kwa sababu alitaka sare ya harusi. Kwa nini wasitume? Walikuwa wanamtumia mtu wao.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Mama Mdogo alikaa kimya siku nne. Aliyemuuliza alimwambia simu imeingia maji. Alizima ile laini, akaacha kwenda stendi, akasingizia homa. Mimi nilipata habari kwa mteja mmoja wa hapa Kilosa, aliyenisimamisha njiani akaniuliza kwa ukali, "Huyo mama yako ni mtu wa namna gani?" Nikapanda gari mpaka Mikumi. Nikamkuta anapepeta mchele. Nikamuuliza, Mama, siku nne zote hizi, kwa nini hukuniambia? Hakuinua kichwa.

"Niliogopa utaniandika."

Ninalo neno hilo mpaka leo, na sijui nitaliweka wapi.

Haya, tuhesabu hizo siku nne zilikuwa na thamani gani. WhatsApp ikihamishiwa simu nyingine, mwenye laini bado ana laini yake. Akiifungua upya WhatsApp kwenye simu yake, akaomba tarakimu nyingine sita, zinakuja kwake yeye, na akishaziingiza mwizi anatolewa papo hapo. Hata kama mwizi amewahi kuweka namba yake ya siri ya ziada, ile ya hatua ya pili, mwenyewe atasubiri siku 7 ndipo aingie, lakini mwizi naye hatakuwemo tena. Wajanja wanalijua hilo, kwa hiyo mara nyingine wanaomba tarakimu mara nyingi mfululizo mpaka mtambo unasema subiri saa kadhaa, wapate muda wa kuvuna. Lakini hata saa kadhaa si siku nne. Na wakati huo unaweza kuwapigia wateja simu ya kawaida, au ukamtuma mwanao kwenye kundi la kwaya akaandike mstari mmoja: anayeuza si mama. Unaweza kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja, ukaomba hela izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala, maana ikishatolewa ndiyo imekwenda. Unaweza kuisogeza meseji ya tapeli pamoja na namba yake kwenda 15040, wanakopokea taarifa hizi. Unaweza kwenda polisi ukapata RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini sheria haina miguu, inamsubiri mlalamikaji.

Na mlalamikaji yuko nyumbani anapepeta mchele, kwa sababu sisi wenye vipaji tumemtengenezea hadithi ya mbuzi wawili na mwamvuli.

Nitaambiwa, aah, wewe unatia chumvi, kicheko kinafundisha, mtu akicheka leo kesho hatategwa. Ni hoja, siidharau. Ila tutazame kicheko chetu kinafundisha nini hasa. Kinafundisha kwamba anayetapeliwa ni mwenye tamaa, na ni mjinga, na ni wa kijijini. Basi mimi nisiye na tamaa, niliyesoma, ninayekaa mjini, sihusiki. Hapo umeshalazwa usingizi. Maana mitego yenyewe, ukiondoa ile ya gari la bandarini na zile meseji za kukaribishwa Freemason upate utajiri, haitegi tamaa hata kidogo. Ichukueni mmoja mmoja. "Mwanao ameanguka shuleni, tuko hospitali, tuma hela ya dawa haraka." Hapo tamaa iko wapi? "Nimekosea namba, hela yangu imeingia kwako, nirudishie ndugu yangu, ni ya mgonjwa." Anayerudisha ndiye mwaminifu, mwenye tamaa angekaa kimya! "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo." Huo unamnasa mpangaji ambaye kweli siku hiyo alikuwa anajiandaa kulipa kodi, umetumwa kwa watu elfu, na katika elfu hakosekani mwenye deni anayetaka kulilipa. Na huu wa mzigo na tarakimu sita umemnasa mama aliyekuwa anafanya kazi yake.

Wazungu wameuita utapeli wa namna hii uvuvi, wakabadilisha herufi kidogo. Sawa. Chambo chake kwetu ni adabu. Tazama tulivyolelewa. Mtu akikuamkia unaitika, akiongea humkatishi, akikuomba kitu kidogo hata humjui unampa, na kumkatia mtu simu usoni ni utovu wa malezi. Yule kijana alianza na shikamoo. Ukishaitika marahaba umeshakuwa mama yake, na mama hamwambii mwanawe "wewe mwongo." Mimi sisemi tuache adabu. Nasema tusimcheke aliyenaswa kwa adabu yake tukasema kanaswa kwa tamaa. Na kama tunataka kumfundisha, tumfundishe jambo lenye faida: kwamba kampuni za simu zikiwa na haja naye zinampigia kwa namba 100 tu, kwamba tarakimu zinazoingia kwenye simu yake ni ufunguo, hazina kazi nyingine, na hakuna ofisi ya mizigo, ya benki wala ya serikali inayohitaji kusomewa, kwamba ruhusa anayo, kamili, ya kusema "baba, nakuja kukupigia," akakata, akapiga mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Hilo si kosa la adabu. Mwenye shida ya kweli atapokea.

Wakubwa zetu wanaikumbuka karata tatu. Stendi, meza ya boksi, kijana anachezesha karata, nyekundu iko wapi, nyekundu iko wapi. Waliozunguka meza walikuwa wengi, wanacheka, wanashangilia, mmoja anaweka hela anashinda, mwingine anamzomea aliyeliwa: "we mshamba, si nilikwambia ya kati!" Abiria akishuka chooni akaona watu wote wale wana furaha, naye anasogea. Ilimchukua muda, mara nyingi mpaka basi limeshaondoka, kujua kwamba wale wote walikuwa kundi moja. Wapambe. Kazi yao ilikuwa kuzomea tu. Aliyeliwa alizomewa haraka ili aone aibu, aondoke, asiite polisi. Zomea ile ilikuwa nusu ya mtaji wa meza.

Basi mwenye karata amehamia kwenye simu, wapambe wake ni sisi, na hata posho hatulipwi.

Sasa niseme lililo gumu zaidi. Tunapenda kusema matapeli wako "huko." Huko wapi? Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa taarifa zake kila robo ya mwaka, na ndani yake majaribio ya utapeli wa simu hupangwa kwa mikoa. Katika taarifa za 2023 na 2024 mikoa iliyokuwa juu ni Rukwa na Morogoro. Morogoro! Hii hii yetu, yenye Kilosa ndani yake na Mikumi ndani ya Kilosa. Sina ushahidi kijana aliyempigia Mama Mdogo alikuwa wapi. Lakini kiswahili chake, alisema mwenyewe, hakikuwa cha mbali.

Na tunawajua. Tusidanganyane, tunawajua. Kijana hana shamba, hana kazi, hajawahi kuonekana hata kubeba tofali kwenye ujenzi wa reli ya kisasa ilipokuwa inatoboa milima yetu, lakini ghafla ana pikipiki mbili na nyumba ya bati la rangi. Anakodi chumba cha gesti mchana kutwa na wenzake watatu, wana simu kwenye mfuko wa rambo. Tunasemaje? "Kijana anajituma." "Mjini shule." Anatununulia soda, tunapokea. Msibani anatoa mchango mkubwa, jina lake linasomwa la kwanza. Halafu jioni hiyo hiyo tunamcheka mama aliyeliwa. Mwizi tunamlindia heshima, aliyeibiwa tunamvua, na sijui tumejifunzia wapi mgawanyo huo.

Laini wanazotumia nazo hazikuota mchangani. Tangu Mei 2019 laini inasajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha taifa, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Kwa hiyo kila laini ya tapeli ina kidole cha mtu. Cha nani? Nenda kamuulize yule aliyesajiliwa chini ya mwamvuli barabarani, akaambiwa "haijasoma, weka tena," akaweka tena, na tena. Huenda ile ya pili ilisoma vizuri sana. Msomaji, weka gazeti chini dakika moja, piga *106#, tazama namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ukaikane, kwa sababu siku polisi wakiifuatilia watafika kwako, siyo gesti.

Halafu wapo wanaofungiwa nje bila hata mwizi. Hawa ndio wanaoandaliwa kuibiwa. Jirani yetu mmoja, mzee, alikata mkonge mashamba ya Kimamba ujana wake wote, na baada ya mkonge jembe. Vidole vyake ni laini kama kijiko kilichosuguliwa. Alipokosea namba ya siri mara tatu, akaunti yake ya hela ikafungwa, akaenda kuifunguliwa. Mashine haikumtambua. Akapakwa mafuta, akafutwa kwa spiriti, akaambiwa aoshe mikono arudi kesho. Akarudi kesho. Nauli siku tatu, na hela za mahindi yake zimo mle ndani. Ilipofunguka hatimaye, mzee alifanya nini? Alimpa mjukuu namba ya siri aikariri, akamwandikia wakala kwenye kipande cha boksi la sigara, na nyingine akaibandika nyuma ya simu kwa selotepu. Asifungiwe tena.

Nilipoona ile selotepu, mkono ulinishuka. Matangazo yote ya redio yanayosema usimpe mtu namba yako ya siri yameshindwa kwa mzee huyu, na siyo kwa sababu hasikii. Ameyapima. Kwake mwizi ni habari ya kusikia, lakini kufungiwa nje ya hela yake mwenyewe amekuona kwa macho. Ukitaka aifiche namba, kwanza mhakikishie kwamba akiisahau hatageuka mgeni kwenye hela yake. Wenye mitambo wangetafakari hilo kabla ya kulipia tangazo jingine. Na sisi wa nyumbani tungefanya kidogo tunachoweza: kukaa naye, kuchagua pamoja naye mtu mmoja, mmoja tu na wala siyo kijiji kizima, wa kuijua, kuibadilisha namba ile ikiwa ni mwaka wake wa kuzaliwa, maana mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho anachompa kila wakala, kumsomea meseji na kumgeuzia simu ikaongea Kiswahili. Kwa wenye biashara kama ya Mama Mdogo, kuweka ile hatua ya pili ya WhatsApp kabla mwizi hajaiweka, na barua pepe ya kujiokolea ukiisahau. Ni kazi ya robo saa. Nimekuwa na simu kubwa miaka 9 na sikuwahi kumpa mama yangu robo saa hiyo. Muda wa kuandika hadithi ya mwamvuli niliupata.

Mtu ataniambia unataka kutunyima kicheko, na sisi watu wa Morogoro tumezaliwa na utani. Kweli, tumezaliwa nao. Wasagara, Wakaguru, Waluguru, koo kwa koo, mtani anakuja msibani anamkejeli marehemu, anazuia jeneza njiani mpaka alipwe, na wafiwa wenyewe wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Lakini mtani yule yule ndiye aliyechimba kaburi. Ndiye anayefanya kazi zile ambazo ndugu hawawezi kuzishika kwa mikono yao. Anatukana akiwa na udongo kwenye mikono. Sisi tumechukua matusi, jembe tumeliacha. Anayetaka kumtania Mama Mdogo namkaribisha sana, aje kwanza awapigie simu wale 11.

Kwa hiyo hadithi ile nimeichana. Nilikuwa nimeitengenezea mahali kwenye mkusanyo wetu, imeshapigwa chapa, nikaiomba kwa mhariri, akanuna, akanipa. Kama mnataka kisa cha kuchekesha, kiko gestini. Andikeni vijana wanne kwenye chumba kimoja, feni haizunguki, mmoja anajifanya mwalimu mkuu, mmoja daktari, mmoja anajifanya analia kama mtoto aliyeanguka, na wa nne anamwambia apunguze sauti, mwenye gesti anasikia. Andikeni yule anayejizoeza shikamoo mbele ya kioo. Andikeni siku simu inapopokelewa na mama yake mzazi. Hapo mcheke mpaka mwanguke na viti, na msomaji wa Mikumi akija kuisikia sauti ile kwenye simu yake ataitambua, maana ameshaisoma.

Makala haya nilimsomea Mama Mdogo kabla ya kuyaleta. Aliniambia niondoe sehemu mbili, nimeziondoa. Alitaka ile ya simu ya Kiingereza ibaki, na jina la aliyeinunua liwekwe wazi.

Wale wateja 11 aliamua kuwalipa mwenyewe, hela au nguo, ingawa hakuna aliyemdai kwa kwenda mahakamani. Mmoja mmoja, kila mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza kwa wa saba, mwalimu wa njia ya Ulaya. Mwalimu aliitazama bahasha, akairudisha mezani, akachagua kitenge kwenye mfuko, akasema yameisha. Halafu akatuwekea chai. Tukanywa kimya, kila mtu anatazama kikombe chake, mpaka mwalimu akashindwa kuvumilia.

"Sasa dada, hebu niambie. Huyo mtu alikuwa anaongeaje?"

Mama Mdogo akaweka kikombe chini. Akakaa vizuri, akaishika khanga yake begani kama mtu anayeshika simu, akalegeza sauti mpaka ikawa ya kijana mpole kabisa.

"Shikamoo, Mama..."